Mke wangu kaungua kwenye bani bila kusikia maumivu, kumbe ni ukoma. Watoto je?

MkulimaUrambo:
Wakuu, habari za jioni. Niko Urambo, Tabora, naomba ushauri maana usiku sipati usingizi.

Mwaka juzi mke wangu alitokewa na baka mgongoni, kama kiganja cha mtoto, rangi ya shaba. Haliwashi, haliumi. Zahanati wakatupa dawa ya fangasi ya kupaka, ikaisha, wakatupa nyingine. Mabaka yakafika mkononi. Tukayazoea. Nani atafunga safari kwa kitu kisichomuuma, na tumbaku iko shambani?

Mwezi wa pili tulikuwa tunakausha. Akaingia kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kuangalia joto, akaegemeza mkono kwenye bomba la moto. Mimi ndiye niliyesikia harufu ya ngozi inaungua. Nikamvuta. Akaniangalia, akauliza, "Kuna nini?" Ngozi ya kidole cha mwisho ilikuwa imenata kwenye bomba.

Hospitalini walimwambia afumbe macho, wakamgusa na pamba juu ya mabaka aonyeshe alipoguswa. Hakuonyesha hata mara moja. Wakapapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, umevimba kama kamba. Ukoma. Mabaka yamezidi matano, kwa hiyo dawa ni miezi 12. Ana wiki moja tangu aanze.

Sasa mama yangu ametenga sahani na kikombe chake, anataka alale jikoni. Tuna watoto watatu, wa mwisho ananyonya. Nifanyeje? Halafu si tuliambiwa ukoma umekwisha?

Nesi Mstaafu, Kasulu:
Pole sana mwanangu. Sahani irudi leo hii, na mkeo alale chumbani kwake. Ukoma hauambukizi kwa chombo wala kwa kushikana mikono. Vimelea hutoka puani na mdomoni kwa mgonjwa asiyetibiwa, vikampata anayeishi naye karibu kwa muda mrefu, na hata hapo miili ya watu wengi huvishinda. Mkeo akiendelea na vidonge haambukizi tena. Anyonyeshe. Ngozi yake itakuwa nyeusi zaidi, ya mtoto pia inaweza kubadilika kidogo, na mkojo utakuwa mwekundu siku ya dozi kubwa ya mwezi. Msiogope mkaacha dawa, na msikubali kuuziwa, ni bure.

Kuhusu kwisha: mwaka 2006 Tanzania ilishuka chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Hiyo ni hesabu ya nchi nzima, lakini watu walisikia "umekwisha", na hilo limetuumiza. Vijana wengi wa zahanati hawajawahi kuliona baka la ukoma, wataachaje kudhani ni fangasi? Na ugonjwa wenyewe hujificha miaka 5, hata 20, kabla ya kujitokeza. Mwaka 2023 duniani walipatikana wagonjwa wapya zaidi ya 180,000, wengi wao India, Brazili na Indonesia.

Peleka watoto wote wakapimwe, wewe na mama pia. Wasio na dalili, muulize mratibu wa kifua kikuu na ukoma kuhusu dozi moja ya rifampisini ya kinga. Wa chini ya miaka 2 hapewi.

Na hili ulishike: mabaka yakivimba ghafla, kiwiko kikiuma au mkono ukilegea, mpeleke siku hiyohiyo. Kuna vidonge vya kuokoa mishipa, ila havingoji.

Nilipona:
Mimi nilichelewa, vidole vya mguu wa kushoto vimekwenda. Kila jioni naloweka miguu kwenye beseni, nasugua kwa jiwe, napaka mafuta. Asubuhi naingiza mkono kwenye kiatu kabla ya mguu. Juzi nimekuta msumari. Mkeo asishike sufuria bila kitambaa hata akiona haiunguzi.

MkulimaUrambo:
Bibi nesi, shikamoo, na asante. Kaka Nilipona, Mungu akuzidishie. Jana tumekwenda wote. Wa kati, ana miaka 9, ana baka moja chini ya bega ambalo mimi nililiona tangu mwaka jana nikasema utangotango. Alipoguswa na pamba alikaa kimya, macho kafumba, anasubiri. Miezi 6 kwake.

Mama amerudisha sahani. Kikombe bado. Msimu ujao kwenye bani nitaingia mimi.