Madaktari wa kifafa mnabadilisha dawa miaka nenda miaka rudi, rufaa ya upasuaji mnaificha ya nini??

Wakuu nimeshindwa kunyamaza. Mdogo wangu ana kifafa tangu yupo primari, sasa hivi ni mdada mzima na kliniki ni ileile, dokta anafungua daftari, "ameanguka mara ngapi?", hata kichwa hainui, anaongeza dozi, haya rudini baada ya miezi mitatu. Alianza na fenobabitoni, ikaja Tegretol, wakaongeza valproate, anashinda anasinzia na kifafa kiko palepale.

Chake kinaanza na kitu kupanda tumboni, anakodoa macho, mdomo unatafuna na hana kitu mdomoni, vidole vinachezea vifungo vya blauzi, ukimwita hasikii. Juzi kilimkuta anakoroga uji, mkono ukaingia kwenye jiko la mkaa, ngozi yote ya kiganja ilitoka.

Nikamuuliza dokta kwa adabu zote, vipi kuhusu upasuaji wa ubongo? Akacheka. Eti "unataka mdogo wako awe zezeta?" Huyo mtu hajawahi hata kumwandikia MRI, ile picha ya ubongo!

Sasa nyie madaktari si mnasoma? Chama cha kimataifa cha kifafa, ILAE, tangu 2010 kimesema dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutumika vizuri zikishindwa, hicho ni kifafa sugu. Canada mwaka 2001 walichukua wagonjwa 80 wa kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo karibu na sikio (temporal lobe), dalili kama hizi zake, nusu wakapangiwa upasuaji nusu wakaendelea na dawa, baada ya mwaka waliopona vile vya kupoteza fahamu ni asilimia 58 upande wa upasuaji, upande wa dawa asilimia 8. Nane!! Na hiyo nane ndiyo mnayotung'ang'aniza nayo.

Halafu rufaa sio kisu jamani. Rufaa ni akachunguzwe, MRI, EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) ya kurekodiwa na video, apimwe kumbukumbu, jopo la madaktari likae liseme anafaa upasuaji au hafai. Hatari zipo, kumbukumbu na kuongea vinaweza kuguswa, ndo maana kuna jopo. Ila kifafa chenyewe kinaua pia, mtu analala mzima asubuhi haamki, mbona hilo hamtuambii kliniki?

Na hii kauli yenu madaktari ya "ni ghali, mtaweza?" ndo inaniuma zaidi. Umeuliza mfukoni kwetu kuna nini? Tutajieni bei, tutauza kiwanja, tutachangishana ukoo mzima, na tukishindwa tushindwe wenyewe, sio dokta atushindie akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Aliyewahi kupata hiyo rufaa aniambie alianzia wapi na alimwambiaje dokta wake. Na kama humu kuna daktari wa neva ajibu, mgonjwa ameshamaliza dawa tatu, unasubiri nini kumwandikia?