Kidude cha kupimia kinagoma kusoma Corolla 110, na taa ya injini inawaka

BintiMawese
Wakuu, salaam. Niko Mwanga, Kigoma. Gari ni Corolla 110 ya 1998, injini 5A, iliyokuja moja kwa moja kutoka Japani. Naitumia kufuata mawese Manyovu. Taa ya injini inawaka na kuzima ikitaka, na ikiwaka tu nguvu zinaisha. Ukishaivuka Mwandiga ukaanza vilima, mguu umefika chini kabisa kwenye eksileta na bodaboda mwenye mikungu ya ndizi ananipita huku ananipungia mkono. Nyuma moshi mweusi, na mafuta inakunywa siyo kawaida.

Fundi wa kwanza kasema sensa ya oksijeni. Wa pili kasema pampu ya mafuta. Wote wamesema wakiwa wamesimama, mikono mfukoni, hakuna aliyepima kitu. Nikaona kabla sijanunua spea za kubahatisha nipime mwenyewe. Mdogo wangu kanitumia kutoka Dar kile kidude cha bluu cha bluetooth, ELM327. Soketi ipo chini ya usukani, matundu 16, kimeingia vizuri, kataa kake kakawaka, simu ikakiona. Baada ya hapo programu inazunguka weee, mwisho inasema haiwezi kuungana na gari. Nimejaribu injini ikinguruma, nimejaribu kwa simu ya jirani, yale yale. Kidude kibovu au kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, ndiyo imekufa? Naomba asitokee mtu wa kuniambia niuze gari.

KibiriziMjini
Chomoa balbu ya hiyo taa dada, ugonjwa umepona. Natania. Nasubiri majibu, na mimi nina Starlet.

UmemeWaMagari_Ujiji
Dada pole. Kontrol boksi ingekuwa imekufa gari lisingewaka, kwa hiyo hiyo iondoe kwenye mawazo. Na kidude inawezekana ni kizima kabisa.

Soketi ya matundu 16 ni umbo tu. Marekani walilazimisha magari yote mapya yaongee mfumo wa OBD2, yaani lugha moja ya pamoja ya kusoma makosa ya gari, kuanzia 1996, Ulaya kwa magari ya petroli ni 2001. Gari la 1998 lililotengenezwa kwa soko la Japani halikuwa chini ya sheria hizo. Toyota wameweka soketi ile ile, ila kontrol boksi inaongea lugha ya kiwandani kwao, na hicho kidude hakikufundishwa. Kale kataa kanakudanganya: kanachukua umeme wa betri moja kwa moja tundu namba 16, hata swichi ikiwa imezimwa kanawaka.

Sasa acha simu. Tafuta kipande cha waya chenye ganda, menya ncha zote mbili. Ukiitazama soketi upande mpana ukiwa juu, tundu la 1 hadi la 8 ni safu ya juu kutoka kushoto, la 9 hadi la 16 ni safu ya chini. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha la 4 na la 13. Hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka. Namba 16 usiiguse kabisa, pale kuna umeme wa betri na ukiupeleka pasipo pake utanunua kontrol boksi kweli. Kisha washa swichi bila kupiga stata, AC imezimwa, mguu mbali na eksileta, uangalie taa ya injini. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: fungu la kwanza ni makumi, la pili ni mamoja. Taa za ABS na airbag nazo zinaweza kupepesa, usishtuke, zinasoma makosa yao.

Bwana wa Starlet, kama huna hiyo soketi tazama chini ya boneti, kuna kiboksi kidogo kimeandikwa DIAGNOSTIC kwenye kifuniko. Pale unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1.

MzigoKasulu
Nathibitisha. Noah yangu ya zamani ilikataa hivyo hivyo. Zipo mashine kubwa za mafundi zinazoijua lugha ya Toyota za zamani, ila bei yake si ya mtu wa gari moja.

BintiMawese
Fundi wa Ujiji, shikamoo kama unastahili. Nimefanya. Tatu, kituo kidogo, moja. Inarudia hivyo hivyo. Ni 31?

UmemeWaMagari_Ujiji
Marahaba, mvi zipo. Ndiyo, ni 31, sensa ya mgandamizo wa hewa, ile inayoiambia kontrol boksi injini imebeba mzigo kiasi gani. Ikipotea, kontrol boksi inamimina mafuta kwa kukisia, ndiyo maana ya moshi na kukosa nguvu. Oksijeni ingekuwa 21.

Usikimbilie dukani lakini. 31 inasema umeme wa upande huo una kasoro, haijasema sensa imekufa. Fuata kipira chembamba kutoka manifoldi ya hewa hadi kwenye sensa, chomoa soketi yake, washa swichi, pima kwa mita kati ya VC (waya unaopeleka umeme kwenye sensa) na E2 (athi yake). Unatakiwa upate kama volti 5. Ukipata, rudisha soketi, upime PIM (waya unaorudisha jibu la sensa) na E2 kwa nyuma ya soketi: kiwango ni 3.3 hadi 3.9, ila huku kwetu ziwa lenyewe liko mita 770 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ikiwa chini kidogo isikutishe.

BintiMawese
Volti 5 ipo. Nikiushika ule waya karibu na soketi nikauchezesha, inaanguka hadi sifuri, nikiuachia inarudi.

UmemeWaMagari_Ujiji
Umekatikia ndani ya ganda. Kata kipande hicho, unga kwa risasi, siyo kusokota na kufunga nailoni, maana barabara ya vilima itausokotoa. Ukimaliza chomoa fyuzi ya EFI dakika moja kufuta kosa. Usichomoe betri, redio itasahau stesheni zote bure.