Mjadala: Ndama wa Masisi wachomwe pembe au waachwe nazo?

Mkaaji wa Goma: Wandugu, tuongee wazi. Ng'ombe wa Masisi, huko milimani Kivu Kaskazini, wanapakiwa kwenye lori, wanabanana njia nzima kupitia Sake, wakifika hapa wamechomana mbavu kwa pembe. Nyama imevilia damu, ngozi ina matundu. Mimi nasema ndama wa Frizoni na Bruni, hawa ng'ombe wa maziwa, wachomwe kifundo cha pembe kwa chuma cha moto wangali wadogo. Ankole, wale wa pembe ndefu, waachwe.

Mfugaji: Umesema wadogo, asante, maana wengi hawajali umri. Mpaka miezi miwili hivi, kile kifundo kinaelea tu chini ya ngozi. Baadaye kinashikamana na fuvu, na pembe ikikua inakuwa na uwazi ndani unaofika mpaka kwenye paji la uso. Kata hapo uone! Damu inaruka, nzi wanaingia, usaha unatokea puani. Nimeona dume akitembea kichwa kimelala upande kwa sababu hiyo.

Muuza jibini: Na huyo mdogo haumii? Chuma kinatolewa kwenye makaa kikiwa chekundu, vijana wanamkalia ndama, basi. Uswisi, ilikotoka hiyo Bruni yenu, sheria inadai ganzi kwanza. Mwaka 2018 walipiga hata kura: wafugaji wanaoacha pembe walipwe na serikali? Asilimia 54.7 wakakataa. Kwa hiyo kuchoma wanachoma, ila kwa sindano. Dakika kumi za kungoja ganzi ishike zitawapunguzia nini?

Mfugaji: Mama, dawa ni pesa, na daktari wa mifugo hapandi huku kwa ajili ya ndama mmoja.

Muuza jibini: Basi mkusanye ndama wa kilima kizima, aje mara moja.

Kijana wa Bukavu: Mbona hamtaji dume la Angus? Kwa asili halina pembe, na likiwa la ukoo safi ndama wake hawaoti pembe hata mama akiwa nazo.

Muuza jibini: Mwanangu, Angus ni wa nyama. Nitakamua nini?

Kijana wa Bukavu: Kuna Holstein wa maziwa wasio na pembe pia.

Mfugaji: Wako, ndiyo. Mbegu yao inatunzwa kwenye mtungi wa nitrojeni baridi sana; Masisi nitaujaza wapi? Halafu mkaaji wa Goma, hujamgusa mwenye lori. Anayepanga ng'ombe kama magunia ya makaa ni nani? Hata asiye na pembe akianguka mle anakanyagwa. Apunguze idadi kwanza, ndipo mje na chuma chenu.

Mkaaji wa Goma: Akipunguza, bei ya nyama itapanda. Mtakubali?