Nataka kubadilisha betri ya gari mwenyewe, nianze na waya upi?

Mgeni wa Boneti: Wakuu, heshima kwenu. Gari asubuhi linagoma kuwaka, stata inalia tak tak tu na taa za dashibodi zinafifia. Nimenunua betri mpya nataka kuifunga mwenyewe nyumbani. Naogopa shoti. Nianze kufungua waya upi?

Volti12: Umepima ya zamani? Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Likiwa linaunguruma isome 13.8 hadi 14.5. Kama haipandi, shida huenda ni altaneta (ile inayochaji betri injini ikizunguka), na hiyo mpya nayo itakufa.

Fundi Mstaafu: Anza na HASI (alama ya −), mkuu, na swichi iwe imezimwa. Bodi yote ya gari imeungwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya halafu spana ikagusa bodi, hapo hapo umepiga shoti. Betri nayo hutoa gesi ya haidrojeni, cheche moja inaweza kuipasua. Hasi ikishatoka, ifunike kwa kitambaa isirudi kugusa, ndipo ufungue chanya. Kufunga ni kinyume: chanya kwanza, hasi mwisho. Vua pete na saa ya chuma, vaa glavu na miwani. Sigara baadaye.

Mgeni wa Boneti: Asante mzee wangu. Mita inasoma 11.4, na tulipoiboost ikapanda 14.1 gari likiwaka. Ila naona kwenye mpya chanya iko kulia, ya zamani iko kushoto. Si naigeuza tu?

Fundi Mstaafu: Usithubutu! Ukiigeuza, huenda nyaya zisifike, na ukizivuta kwa nguvu ndipo watu wanapofunga chanya kwenye hasi. Daiodi za altaneta zinaungua, na kompyuta ya gari inaweza kufuata. Kairudishe kabla hujaifunga, uchukue yenye vichwa upande ule ule. Pima na kimo pia, kichwa kikigusa boneti ni balaa.

Dada Spana: Kama gari lako limeundwa kujizima lenyewe kwenye foleni na kujiwasha tena ukitaka kuondoka, uliza betri ya AGM, aina inayostahimili kuwashwa mara kwa mara, ya kawaida haidumu humo. Ule unga mweupe kwenye vichwa usiupulize kwa mdomo, sugua kwa brashi na magadi soda yaliyokorogwa na maji. Na redio nyingine hudai namba ya siri umeme ukikatika, itafute mapema.

Volti12: Usisahau kukaza kibano cha kushikilia betri, wengi wanakiacha. Ikicheza barabarani sahani za ndani zinavunjika.

Mgeni wa Boneti: Nimeshabadilishiwa, chanya kushoto. Na hii ya zamani?

Dada Spana: Mpe aliyekuuzia mpya, ina madini ya risasi na asidi, usiitupe jalalani. Ibebe wima, na ukimwagikiwa asidi osha kwa maji mengi papo hapo.