Naomba ushauri: kazi nimepata, ila naambiwa nivue hijabu

Asalaam aleikum dada zangu, na mawakili kama mpo. Nimepita mahojiano ya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja hapa Nairobi. Mshahara si haba. Tatizo ni meneja, kaniambia hijabu "inatisha wageni", nifunge kiskafu cha shingoni kama wenzangu. Eti mimi nitishe watu, na mtandio wenyewe wa maua!

Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini. Lakini yeye yote kayasema kwa mdomo, na barua ya ajira bado sijatia saini. Mamangu anasema niache tu, riziki ni ya Mungu.

Je, nimwambie aniandikie sharti hilo, au nitaonekana mkorofi hata kabla sijaanza? Aliyepitia haya alifanyaje?