Tupeane uzoefu: waandishi wa simulizi, mkikaukiwa mnafanyaje?

Kalamu Butu (Dar es Salaam)
Wakuu, habari za jioni. Naandika simulizi za mfululizo, nazirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Anayetaka yote kwa mkupuo ananitumia 2,000 kwa simu. Sehemu ya 1 hadi ya 20 zilitoka kama maji ya bomba, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bila kukosa. Sasa niko ya 31 na wiki ya tatu inakatika. Nikiwasha data nakuta "mkuu arosto", "umetuacha hewani", na mmoja anadai arudishiwe hela yake.

Ugonjwa wangu naujua. Nikikosa wazo, nazimisha mtu. Juzi nimerudi nyuma kuhesabu: watu sita wamezimia, wawili wamepata ajali Chalinze. Sasa Zuhura, mhusika mkuu mwenyewe, yuko ICU na sijui anaamkaje. Mchana napanga mizigo stoo, nikifika nyumbani mwili hauna kitu na kichwa cheupe. Mliopitia haya nipeni uzoefu. Za "usikate tamaa" ninazo za kutosha.

Bi Mkubwa wa Maskati
Pole mwanangu. Mie wa Unguja, miaka tisa sasa niko Oman na mume wangu. Wakati wa kukaa na kalamu sina, watoto wanne. Basi nikiwa nakanda unga wa mandazi, simu naiegemeza kwenye kopo la sukari, najirekodi nikisimulia kama navyowahadithia wanangu. Mara nyingine katikati ya hadithi nasikika nikigomba, "Weye, shuka hapo!" Usiku wakishalala nasikiliza, nachapa yale ya maana. Nimegundua mdomo wangu haukaukiwi. Kinachokauka ni vidole vikiona ukurasa mtupu.

Mwalimu wa Zamu (Tabora)
Mimi nitakuwa mkweli, nilishindwa. Nilianza riwaya, nikawa naamka saa kumi alfajiri kabla ya vipindi. Sura tano zikaenda vizuri. Ikaja mitihani ya muhula, insha 140 za kusahihisha, nikasema nitapumzika wiki moja. Nilipumzika miezi minane. Watu wakinitia moyo hunikumbusha Shaaban Robert, kwamba alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na bado akaandika mashairi na nathari kiasi kile. Ni kweli, ila mfano huo haukunisaidia hata siku moja. Ulinizidishia aibu tu.

Kilichonirudisha ni jambo dogo. Siku hizi sikomi mwisho wa sura, nakoma katikati ya sentensi. Jana nimeishia "Alipofungua mlango akamkuta". Leo alfajiri sikuwa na haja ya kutafuta pa kuanzia, nilitaka tu kujua amemkuta nani.

@Kalamu Butu, wewe kosa lako ni kuandika leo na kurusha leo. Weka akiba ya sehemu hata tano ndipo utangaze ratiba. Ukiugua malaria wasomaji wasijue.

Malenga Mvivu (Mombasa)
Sisi wa mashairi twakaukiwa vibaya zaidi, maana hata wazo likija lazima litoshee mizani nane kwa nane. Mimi wazo likikosa huanza na vina. Naandika maneno yote yanayoishia -ka upande mmoja, yanayoishia -ja upande wa pili, kisha natazama yapi yataka kuoana. Wiki iliyopita nilipata hivi:

*Kalamu nimeishika, wino hautaki kuja,*
*Nimekaa nimechoka, nahesabu moja moja.*

Hapo nikakwama, nikamtumia rafiki yangu wa Lamu. Akanijibu kwa beti saba za kunisimanga, kwa vina vile vile! Nami sikulala mpaka nimemjibu. Ukikosa la kusema, tafuta mtu wa kukuchokoza.

Mzee wa Studio (Nairobi)
Mimi huandikia michezo ya redio. Waigizaji saba wakiwa wamekaa na vikombe vya chai wakingoja kurasa zako, na studio inalipiwa kwa saa, utaandika tu, utake usitake. Inaweza kuwa mbaya lakini itakuwepo.

Ninapokwama kabisa sitafuti wazo jipya. Narudi vipindi vya mwanzo kuangalia nilichoangusha njiani. Kila mwandishi huacha vitu: ufunguo usiofungua chochote, deni lisilolipwa, shangazi aliyetajwa mara moja tu. Sasa ndugu yangu, kuhusu Zuhura nikuulize: wiki tatu ICU, ni nani anayelipa?

Kalamu Butu
Mzee wa Studio, umeniua. Sikuwahi kuwaza bili.

Nimerudi kusoma. Sehemu ya 4 kuna mjomba mwenye lori, alikuja msibani, akampa mama yake Zuhura bahasha, akaondoka kabla ya kuzika. Nilimweka tu nijaze ukurasa, sikumgusa tena. Bahasha yenyewe hakuna aliyeifungua!

Bi Mkubwa, nimejaribu na kujirekodi, niko kwenye daladala ya Mbagala, konda kanitazama kama mgonjwa.

Nimepata mistari kumi na moja. Siirushi leo, Mwalimu. Zuhura bado hajaamka, ila nesi ameingia na karatasi ya malipo, na mlangoni kuna mtu anapiga honi ya lori.