Udereva shuleni Marekani: nani alipe?

Mleta mada:
Wadau, hasa mlioko Marekani na mna watoto wa miaka 15 na 16, hoja yangu ni hii: shule za sekondari za umma zirudishiwe fedha za kufundisha udereva, mwanafunzi asilipe hata senti.

Mwaka 1934 Amos Neyhart, mwalimu wa chuo cha Penn State, alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa sekondari mjini State College, Pennsylvania, kwa gari lake mwenyewe. Somo likaenea. Wauza magari wakaziazima shule magari, na sheria ya usalama barabarani ya 1966 ikaleta fedha za serikali ya shirikisho majimboni. Kipimo kilichozoeleka kikawa saa 30 darasani na saa 6 kwenye usukani.

Leo sehemu nyingi kazi hiyo imebaki kwa shule binafsi za udereva, na mzazi anatoa mamia ya dola. Asiyekuwa nazo, mwanawe anangoja afike 18, umri ambao majimbo mengi hayamdai mafunzo yoyote. Anafaulu mtihani, anaingia barabarani. Hilo linaniuma sana. Zipo familia zetu zilizotoka kambi za wakimbizi, nyumbani hakuna gari wala mzazi aliyewahi kuendesha. Huyo kijana atafundishwa na nani?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hukusema kwa nini fedha zilikatwa. Kule DeKalb County, Georgia, kwenye utafiti ulioanza miaka ya 1970, wanafunzi wapatao 16,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine kozi ndefu, wengine fupi, wengine hawakupewa. Waliofundishwa hawakuonyesha nafuu ya kudumu katika ajali. Connecticut nako, baadhi ya shule zilipoacha somo hilo, vijana wa miaka 16 na 17 wenye leseni walipungua, na ajali zao zikapungua. Kozi ilikuwa inawawahisha watoto barabarani. Kilichosaidia ni leseni ya hatua kwa hatua, iliyoanzia Florida mwaka 1996 kwa kuwazuia kuendesha usiku.

Mleta mada:
Matokeo ya DeKalb siyapingi. Ila tazama: katika majimbo mengi vizuizi hivyo navyo vinakoma kijana akifika 18. New Jersey imevisogeza hadi 21, wengi hawajafanya hivyo. Kwa hiyo aliyengoja kwa kukosa ada anakosa vyote viwili, mwalimu na vizuizi. Shule ifundishe, na leseni iendelee kutolewa hatua kwa hatua.

Mchangiaji wa pili:
Gari, bima, mafuta, mwalimu mmoja na wanafunzi wawili watatu ndani ya gari. Hili ni somo ghali. Mtakata fungu la hisabati?

Mleta mada:
Hapana. California ililigharamia kwa tozo iliyoongezwa juu ya faini za barabarani, mpaka fedha hizo zikaelekezwa kwingine mwanzoni mwa miaka ya 1990. Faini bado zinatozwa kila siku. Zirudi kwenye somo hilo, na wa kwanza kupangiwa gari awe mwanafunzi ambaye kwao hakuna gari.